Chema Kilichoshindwa Kujiuza

Wahenga walituachia neno kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni neno zuri, na kila fundi mwaminifu hulitumainia anapoanza kazi yake asubuhi. Lakini historia ya viwanda ina visa vinavyotulazimisha kulitazama neno hili mara ya pili. Kimoja cha visa hivyo ni kisa cha motokaa iliyoundwa katika mji wa Munich, nchi ya Ujerumani, kati ya mwaka 1956 na mwaka 1959. Jina lake ni BMW 507. Ilikuwa ya aina inayoitwa rodsta, yaani gari la wazi la mbio lenye viti viwili. Watu walioiona walikiri kwamba ni nadra kuzaliwa chombo kizuri kama kile. Hata hivyo, ziliundwa 252 tu, mbali na mbili za majaribio, na kiwanda kilichoziunda kilikaribia kuangukia mikononi mwa mshindani wake. Ilikuwaje chema kikashindwa kujiuza? Hilo ndilo swali la insha hii.

Motokaa hii haielezeki bila kiwanda chake. BMW ilianzishwa mwaka 1916, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuunda injini za ndege. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwafungia Wajerumani kazi hiyo, na mafundi wa Munich wakalazimika kutafuta riziki kwa njia nyingine. Mwaka 1923 walitoa pikipiki yao ya kwanza, na mwaka 1928 kampuni ikanunua kiwanda cha motokaa katika mji wa Eisenach. Huko ndiko ilikotoka, mwaka 1936, BMW 328, motokaa ndogo ya wazi yenye injini ya lita mbili. Ilikuwa nyepesi, na wepesi huo uliiwezesha kuyashinda magari yenye nguvu kuliko yenyewe. Mwaka 1940 motokaa moja ya namna hiyo, iliyopewa mwili maalumu, ilitwaa ushindi wa mashindano ya Mille Miglia katika Italia. Tangu hapo jina la BMW likakaa masikioni mwa watu kama jina la mbio.

Lakini mwaka ule wa ushindi ulikuwa pia mwaka wa vita. Injini za ndege zilikuwa zimekwisha kuwa kazi kubwa ya kiwanda tena, mara hii kwa majeshi ya Hitler, na maelfu ya wafungwa na watu waliotolewa makwao kwa nguvu walitumikishwa humo. Jambo hili halimpasi mtu aandikaye historia ya BMW kulificha. Vita ilipomalizika mwaka 1945, mji wa Eisenach uliangukia upande uliotawaliwa na Warusi, na mashine za Munich ziling'olewa na washindi. Kiwanda kilichokuwa kimeunda injini za ndege kikaanza kuunda sufuria. Pikipiki zilirudi mwaka 1948, na mwaka 1951 ikaonyeshwa motokaa ya kwanza ya baada ya vita, iliyoitwa 501. Mwaka 1954 ikafuatwa na ndugu yake mwenye nguvu zaidi, 502. Zilikuwa motokaa nzito za fahari, na Wajerumani walizitania kwa kuzifananisha na sanamu za malaika wanene waliomo katika makanisa ya kale.

Mwanafunzi wa historia na asimame hapa kidogo. Miji ya Ujerumani ilikuwa bado inasafishwa vifusi. Watu wengi walikwenda kazini kwa miguu, kwa baiskeli au kwa pikipiki. Katika nchi ya namna hiyo kiwanda kilichagua kuwaundia gari watu wachache waliokuwa na mali nyingi, na wachache hao tayari walikuwa na mahali walipozoea kununua, yaani kwa Mercedes-Benz. Mbegu ya taabu ilipandwa hapo, kabla 507 haijachorwa hata mstari mmoja.

Sasa aingie mtu aliyeleta wazo lenyewe. Max Hoffman alizaliwa Vienna mwaka 1904, akaikimbia Ulaya wakati wa vita, na akafika New York mwaka 1941. Huko alijenga biashara ya kuingiza motokaa za Ulaya katika Marekani, na hapana mtu aliyejua kuliko yeye kile ambacho Wamarekani wenye fedha walitamani kukiendesha. Ndiye aliyewahimiza wakuu wa Mercedes-Benz watoe 300 SL, motokaa maarufu yenye milango inayofunguka kwa kwenda juu kama mabawa, iliyoonyeshwa mwaka 1954. Mwaka huo huo aliwaendea wakuu wa BMW kwa hoja nyingine. Aliwaambia kwamba katika soko la Marekani palikuwa na pengo. Juu kulikuwa na 300 SL, nzuri lakini ghali sana. Chini kulikuwa na motokaa za Kiingereza, MG na Triumph, rahisi lakini dhaifu. Katikati hapakuwa na kitu. BMW ilikuwa na injini nzuri ya silinda nane. Basi na itengeneze rodsta iuzwe kwa dola 5,000 hivi, naye alitumaini kwamba zingeweza kuuzwa 5,000 kwa mwaka.

Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Mwenye pengo la soko mbele yake na injini nzuri mkononi ana haki ya kutumaini. Wakuu wa BMW wakakubali, na kazi ya kuunda chasisi wakampa Fritz Fiedler, fundi mkongwe aliyeshiriki katika kuiunda 328. Akaagizwa atumie kwa kadiri iwezekanavyo vipande vilivyokwisha kuundwa kwa ajili ya motokaa nyingine za kiwanda, ili gharama isipande.

Ikabaki sura. Michoro ya kwanza haikumpendeza Hoffman hata kidogo, naye hakuficha. Alimjua huko New York kijana mmoja Mjerumani, mwana wa ukoo wa kikabaila, aliyeitwa Albrecht von Goertz. Goertz alizaliwa mwaka 1914, akahamia Marekani mwaka 1936, akatumikia katika jeshi la nchi hiyo, kisha akajifunza kazi ya kubuni sura za vyombo kwa Raymond Loewy, bingwa aliyekuwa na sifa kubwa katika kazi hiyo. Hoffman alimshauri Goertz apeleke michoro yake Munich. Akapeleka, na mwezi wa Novemba mwaka 1954 akapewa kazi ya kubuni motokaa mbili kwa pamoja: 503, yenye nafasi ya watu wanne, na 507. Tazama jinsi mambo yanavyozunguka: Mjerumani aliyeiacha nchi yake ndiye aliyeitwa kutoka ng'ambo ya bahari kuipa nchi hiyo sura yake nzuri kuliko zote.

Na sura hiyo ilikuwaje? Kwanza, boneti lilikuwa refu na mkia mfupi, hata mtu aliyeketi kwenye usukani alikuwa karibu na magurudumu ya nyuma kuliko ya mbele. Pili, motokaa ilikuwa chini sana. Kimo chake kilikuwa sentimita 126 hivi, na mtu mzima aliyesimama kando yake angeweza kuutazama usukani kutoka juu. Tatu, mstari wa ubavuni ulitoka mbele ukiteremka polepole hadi mlangoni, kisha ukainuka tena juu ya gurudumu la nyuma, kama mgongo wa mnyama anayejikunja ili aruke. Nyuma ya magurudumu ya mbele palikuwa na matundu ya kutolea joto la injini, na juu yake nembo ya mviringo ya BMW. Lakini jambo la ujasiri zaidi lilikuwa usoni. Tangu mwaka 1933 motokaa za BMW zilitambulika kwa matundu mawili ya hewa yaliyosimama wima kama figo mbili. Goertz hakuyaondoa, kwa kuwa aliiheshimu desturi. Aliyalaza ubavu na kuyapanua, yakawa kama pua ya papa anayekata maji.

Wageni walioalikwa kuiona kwa mara ya kwanza katika hoteli ya Waldorf-Astoria, mjini New York, mwaka 1955, waliiona motokaa isiyokuwa na pambo la kupita kiasi. Siku zile watengenezaji wengi wa Marekani walikuwa wakizipachika motokaa zao mapezi na vyuma vya kung'aa kila mahali. Hii ilitegemea mstari peke yake. Ndiyo sababu haikuzeeka. Pambo hufuata majira, lakini umbo lenye uwiano mzuri halijui majira.

Tuufungue sasa mwili tutazame moyo. Injini ilikuwa na silinda nane, nne upande huu na nne upande huu, zimeachana kwa juu na kukutana kwa chini kama panda ya manati. Zote zilizungusha mhimili mmoja uliokuwa chini yao. Faida ya mpango huu ni mbili. Kwanza, injini huwa fupi, kwa kuwa silinda nane zinachukua urefu wa silinda nne. Pili, hunguruma kwa ulaini. Katika injini ya namna hii kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya mhimili. Basi silinda zikiwa nane, katika kila mzunguko mmoja huwaka nne. Injini ya 507 ilitoa nguvu yake yote ikizunguka mara 5,000 kwa dakika. Mwanafunzi atakayezidisha ataona kwamba hiyo ni miwako 20,000 kwa dakika moja. Miwako mingi hivyo haisikiki mmoja mmoja. Husikika kama sauti moja nzito isiyokatika.

Ukubwa wa silinda zote kwa jumla ulikuwa sentimita za ujazo 3,168, yaani lita tatu na kitu. Kabureta mbili zilichanganya petroli na hewa, na nguvu iliyopatikana ilikuwa nguvu za farasi 150. Kiunzi cha injini kiliundwa kwa aluminiamu, madini ambayo uzito wake ni kama theluthi ya uzito wa chuma chenye ukubwa ule ule. Mwili wa motokaa nao ulikuwa wa aluminiamu. Kwa hiyo, ingawa ilikuwa na urefu wa mita nne na sentimita 38, uzito wake ulikuwa kilo 1,330 tu.

Chasisi yenyewe haikuwa mpya. Fiedler aliichukua ile ya 503 na kuifupisha, hata umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ukapungua kutoka sentimita 283 na nusu hadi sentimita 248. Badala ya springi za kawaida alitumia fito ndefu za chuma ambazo hujinyonga gurudumu linapopanda juu ya tuta, kisha hujinyoosha na kulirudisha chini. Gia zilikuwa nne. Breki za mwanzo zilikuwa za dramu, yaani zile ambazo viatu vya breki hutanuka ndani ya ngoma ya chuma. Motokaa chache za mwisho zilipewa breki za diski katika magurudumu ya mbele, ambazo hupoa upesi na hazichoki katika mteremko mrefu.

Je, ilikwenda namna gani? Wajaribu wa gazeti moja la motokaa la wakati ule waliiendesha kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika sekunde 11.1, na mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kilomita 196 kwa saa. Kwa kubadili meno ya gia za nyuma iliweza kupita hapo. Leo motokaa nyingi za kawaida hufikia mia moja kwa muda mfupi kuliko huo, lakini chombo hupimwa kwa wakati wake. Katika miaka ile ni motokaa chache tu duniani zilizoweza kumpeleka mtu kwa kasi hiyo akiwa ameketi kwa raha, bila kurushwa wala kuzibwa masikio. Mshindani wake, 300 SL, alikuwa na nguvu za farasi 215, na katika mbio halisi 507 isingemshika. Ilikuwa motokaa ya safari ndefu ya fahari, si ya uwanja wa mashindano. Hata hivyo Hans Stuck, dereva mkongwe aliyezaliwa mwaka 1900 na kujulikana kote kama mfalme wa mbio za kupanda milima, aliiingiza katika mashindano hayo akiwa karibu na umri wa miaka sitini.

Basi motokaa ilikuwa nzuri kwa sura, na nzuri kwa mwendo. Kosa lilikuwa wapi?

Kosa lilikuwa katika karakana. Ili kuunda motokaa 5,000 kwa mwaka, kiwanda huhitaji mashini kubwa zinazokanyaga bati mara moja na kulitoa likiwa na umbo lake. Mashini hizo ni ghali, na hazilipi ila kwa wingi. BMW haikuwa na fedha za kuzinunua kwa ajili ya 507. Kwa hiyo mafundi waliukunja mwili wake kwa mikono, bati baada ya bati, kwa nyundo na kwa macho. Matokeo yake ni kwamba hapakuwa na motokaa mbili zilizofanana kabisa. Yako mapaa magumu ya kuondosha yaliyoundwa kwa ajili ya baadhi yake, na paa la moja halikai sawa juu ya nyingine. Kila paa hukubali motokaa yake tu, kama kifuniko kinachojua chungu chake. Jambo hili humfurahisha mpenda sanaa, lakini humtisha mtunza hesabu. Saa nyingi za fundi bingwa ni fedha nyingi, na fedha hizo hazina budi kutoka mahali.

Zilitoka katika bei. Uuzaji ulipoanza, mwishoni mwa mwaka 1956, motokaa moja iliuzwa Ujerumani kwa marki 26,500, na baadaye karibu 30,000. Huko Marekani, ambako Hoffman alitaka dola 5,000, bei ilianza dola 9,000 na mwisho ikafika 10,500. Pengo lililoonwa mwaka 1954 halikuwa pengo tena, kwa kuwa 507 ilikuwa imepanda hadi juu na kuketi karibu na 300 SL, ambayo ilikuwa na nguvu zaidi na sifa ya ushindi. Mwenye fedha za kununua moja aliweza kununua nyingine, na wengi walichagua ile nyingine. Wateja mashuhuri walijitokeza, lakini wateja mashuhuri ni wachache siku zote. Motokaa zote 252 zilizoundwa katika miaka ile hazikufikia hata hesabu ya mwezi mmoja ya yale matumaini ya Hoffman. Na jambo la kusikitisha zaidi ni hili: pamoja na bei hiyo kubwa, kiwanda kilipata hasara kwa kila motokaa iliyotoka mlangoni.

Ukitaka kuona kinyume chake, usiende mbali. Tazama upande wa pili wa kiwanda kile kile. Mwaka 1955 BMW ilianza kuunda Isetta, kigari cha asili ya Kiitaliano chenye umbo la yai, ambacho mlango wake ulikuwa mbele na injini yake ilikuwa ya silinda moja ya pikipiki yenye nguvu za farasi 12. Watu walikicheka. Lakini mfanyakazi aliyechoka kunyeshewa juu ya pikipiki alikinunua, kwa kuwa aliweza. Kwa bei ya 507 moja mtu angeweza kununua Isetta kumi. Hadi mwaka 1962 ziliundwa zaidi ya 161,000. Katika nyumba moja alikaa mwana wa mfalme asiyejilisha, pamoja na mtumishi mdogo aliyeleta chakula.

Chakula hicho hakikutosha. Mwaka 1959 hasara ya kampuni ilikuwa kubwa mno, na tarehe 9 Desemba mwaka huo wenye hisa walikutana Munich. Mbele yao liliwekwa pendekezo kwamba BMW itwaliwe na Daimler-Benz, wenye Mercedes. Wakuu waliliunga mkono. Lakini wenye hisa wadogo na wauzaji wa motokaa hawakukubali kuona jina lao likizimwa. Mwanasheria mmoja aliyewasemea alionyesha kasoro katika hesabu zilizoletwa: gharama za kubuni motokaa mpya ndogo, iliyoitwa 700, zilikuwa zimetozwa zote katika mwaka mmoja badala ya kugawanywa. Sheria iliwaruhusu wenye sehemu moja ya kumi ya hisa kuahirisha shauri la namna hiyo, nao wakaliahirisha. Pendekezo likaanguka. Tajiri Herbert Quandt, aliyekuwa na hisa katika BMW, aliuona moyo wa watu wale akaamua kuongeza fedha zake badala ya kuziondoa. Ile 700 ikauzwa vizuri, zaidi ya 188,000 kabla ya kukoma mwaka 1965. Mwaka 1961 ikaonyeshwa BMW 1500, motokaa ya watu wa kati, nayo ndiyo iliyokiinua kiwanda hata kikasimama.

Baada ya kuyasikia haya, wako wanaosema kwa kifupi kwamba 507 nusura iiangamize BMW. Mwanafunzi mwangalifu asiridhike upesi na maneno mafupi. Motokaa 252 haziwezi peke yake kuangusha kiwanda cha ukubwa ule. Motokaa za fahari za 501 na 502 nazo zilileta faida haba au hasara. Biashara ya pikipiki, iliyokuwa nguzo ya nyumba, ilianguka katikati ya miaka ya hamsini, kwa sababu Wajerumani walikuwa wameanza kuwa na uwezo wa kununua motokaa ndogo. Kiwanda hakikuwa na kitu cha katikati cha kumpa mtu aliyekwisha kupita pikipiki lakini hajafikia fahari. Pengo ambalo BMW ililitafuta ng'ambo ya bahari lilikuwako nyumbani kwake. Ile 507 ilikuwa jani moja la mti uliokuwa na maradhi shinani. Ila kwa kuwa lilikuwa jani zuri kuliko yote, ndilo linalokumbukwa.

Limekumbukwa kweli. Mwaka 1958 mwimbaji wa Kimarekani Elvis Presley, aliyekuwa askari katika Ujerumani, alijipatia 507 nyeupe, ile ile iliyowahi kuendeshwa katika mashindano na Hans Stuck. Husimuliwa kwamba wasichana waliijaza maandishi ya rangi ya mdomo hata akaamua ipakwe rangi nyekundu. Motokaa hiyo ilivuka bahari, ikapotea machoni pa watu, kisha ikaonekana tena katika ghala moja huko California, ikiwa haina injini yake. Kiwanda chenyewe kikaichukua na kuifanyia kazi kwa miaka miwili, na mwaka 2016 ikaonyeshwa ikiwa nyeupe kama zamani. Nyingine alipewa Mwingereza John Surtees baada ya kuwa bingwa wa dunia wa pikipiki mwaka 1956. Aliitunza hadi alipofariki mwaka 2017. Mwaka uliofuata ikapigwa mnada Uingereza, na ikapita pauni milioni 3.8. Na BMW ilipotaka kuunda rodsta mpya ya fahari, ile Z8 iliyotolewa kati ya mwaka 2000 na mwaka 2003, iliirudia sura ya 507, matundu ya ubavuni na figo zilizolala. Goertz aliishi hata akaiona, kwa kuwa alifariki mwaka 2006.

Turudi kwenye neno la wahenga. Je, lilisema uongo? La, sivyo. Chema kilijiuza, lakini kilichelewa miaka hamsini. Milioni zinazolipwa leo kwa 507 moja humwendea aliyeihifadhi. Hapana hata senti moja inayomrudia fundi aliyesimama karakanani Munich na nyundo yake, akilipiga bati hadi likaufuata mstari wa Goertz, wala kiwanda kilichomlipa mshahara kwa fedha za kukopa. Uzuri wa kazi ni jambo moja, na hesabu ya kazi ni jambo lingine, nayo yote mawili hayana budi kukaa katika kichwa kimoja.

Ewe kijana usomaye, pengine siku moja utaunda kiti, au nyumba, au daraja, au chombo ambacho bado hakijapata jina. Kifanye kizuri kwa kadiri uwezavyo, kwa maana vitu vibaya vimejaa duniani na havihitaji msaada wako. Lakini kabla hujalipiga bati la kwanza, uliza ni nani atakayekinunua na ana kiasi gani mfukoni. Mafundi wa Munich walilijibu swali la uzuri kwa namna ambayo haijapitwa hadi leo. Swali la pili walilijibu Desemba ya mwaka 1959, katika ukumbi uliojaa watu wenye hofu, na nusura jibu hilo liwagharimu jina lao.